Watoto wa Bagamoyo: Nani Aliyewauza?

Kila inapotajwa misheni ya Bagamoyo mbele ya Waislamu, utasikia neno moja likirejewa: mapadri waliiba watoto. Neno hili husemwa barazani, na mara nyingine husemwa juu ya mimbari. Sitaki kulipuuza, kwani ndani yake mna kweli. Lakini ni kweli iliyokatwa, na kipande kilichoachwa ndicho kinachotuhusu sisi. Mwizi huiba kitu kilichokuwa na mwenyewe. Basi watoto wale walikuwa wa nani? Walikuwa mikononi mwa nani siku ile padri alipotoa fedha? Hapo ndipo wasemaji wetu wanaponyamaza, wakaombea dua, wakashuka.

Na tuitazame khabari yenyewe kwa miaka yake.

Mapadri wa Kikatoliki walifika Unguja mwaka 1860 wakitoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na padri Fava, na pamoja nao walikuwako masista. Mtawala alikuwa Seyyid Majid bin Said, naye hakuwazuia. Walifungua mahali pa kutibia wagonjwa na karakana za kufundishia kazi za mikono. Mwaka 1863 kazi hiyo ikashikwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, mkubwa wao akiwa padri Antoine Horner. Mwaka 1868 wakavuka bahari wakajenga Bagamoyo, mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo bara. Hapo waliweka nyumba ya wavulana na nyumba ya wasichana, na kando yake kijiji cha wale waliokwisha kukua na kuozwa. Tufani kubwa ya mwaka 1872, ile iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha majahazi, iliwabomolea majengo, wakajenga tena. Mwezi wa Februari 1874 maiti ya Livingstone, iliyobebwa na watu wake kutoka bara, ilipumzishwa hapo kabla ya kupelekwa Uingereza, na kwa sababu hiyo wageni wengi huijua Bagamoyo kwa maiti ya Mzungu mmoja na hawaijui kwa watoto mamia waliolelewa hapo.

Watoto hao walikuwa wa aina mbili. Wako waliotolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manuwari za Waingereza. Na wako, khasa katika miaka ya mwanzo, walionunuliwa kwa fedha taslimu katika soko la watumwa la Unguja, lililokuwa Mkunazini hata lilipofungwa kwa mkataba alioutia saini Seyyid Barghash tarehe 5 Juni 1873. Walikuwa watoto wa Kiyao, wa Kinyasa, wa Kizaramo, na wa makabila mengine ya bara. Wengi walipitia Kilwa. Mapadri hawakuwa na fedha za kununua kijana mwenye nguvu, kwa hivyo mara nyingi waliwachukua wale ambao wanunuzi wengine hawakuwataka: wagonjwa, waliokonda, waliobakisha mifupa.

Fedha zilitoka wapi? Hapa naomba msomaji asome polepole. Huko Ufaransa, mwaka 1843, askofu mmoja aitwaye Forbin-Janson alianzisha chama cha watoto kilichoitwa Utoto Mtakatifu. Kila mtoto wa Kikristo aliyejiunga alitoa sarafu moja ndogo kwa mwezi na kusoma dua fupi. Watoto hawa hawakuwa matajiri. Wengi ni wa vijijini. Sarafu zao zilikusanywa, zikapelekwa China na kwengineko, na sehemu yake ikafika hapa pwani kwetu. Kwa sarafu hizo za watoto wa Kifaransa alinunuliwa mtoto wa Kiyao kutoka mkononi mwa Muislamu aliyesali Ijumaa.

Nasi je, hatukuwa na fungu? Kila mwanafunzi wa chuoni aliyefika mlango wa zaka anajua kuwa mafungu ya zaka ni manane, na moja katika hayo Mwenyezi Mungu amelitaja katika Suratut Tawba kuwa ni la kuwakomboa watumwa. Najua alivyosema Imamu Shafi, kwamba fungu hilo ni la mukatabu, yaani mtumwa aliyeandikiana na bwana wake kujikomboa. Najua pia kuwa Imamu Malik ameruhusu mtumwa anunuliwe kwa zaka akaachwa huru. Wala sisemi kuwa hakuna waliowaacha huru watumwa wao. Walikuwako, na wengi. Mtu alipokaribia kufa aliandika wasia wa kuwaacha huru, na wako waliowawekea wakfu wa shamba au nyumba mahuru wao wapate mahali pa kukaa na cha kula. Hayo yamo katika nyaraka za wakfu za Unguja na Mombasa hata leo, na ni katika mambo mazuri ya wazee wetu. Lakini yule aliyekuwa akiachwa huru ni mtu wa nyumbani, aliyekwisha kutumika. Mtoto mgeni aliyeketishwa sokoni Mkunazini, hajui lugha, mama yake amebaki njiani, fungu lake lilikuwa wapi? Soko halikuwa mbali na misikiti. Watu walikuwa wakipita.

Tena kuna jambo zito kuliko hilo. Mafakihi wamekubaliana kuwa asli ya binadamu ni uhuru. Mtoto wa kuokotwa, laqiti, ambaye baba wala mama hajulikani, hukumu yake ni huru, na kumwokota ni faradhi ya kutosheleza. Mji mzima ukimwacha, mji mzima una dhambi. Na Mtume (s.a.w.) ametufikishia kuwa miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemuuza aliye huru akala thamani yake. Sasa watoto wale wa Nyasa walitekwa katika jihadi gani? Imamu gani aliitangaza? Walinyakuliwa usiku vijijini mwao kwa bunduki, au walibadilishwa kwa shuka na shanga na machifu wao wenyewe. Hakuna kitabu cha fikihi kinachohalalisha hayo, wala cha Kishafi wala cha Kiibadhi. Waliokuwa wakivijua vitabu hivyo walikuwako, na baadhi yao walikula katika sinia moja na wenye mali hiyo.

Huenda mtu akasema: “Sheikh, wewe unawatetea mapadri.” La. Nangoja kufika kwao.

Nyumba ya Bagamoyo haikuwa sadaka tupu. Mtoto aliyenunuliwa hakuulizwa dini anayoitaka. Alibatizwa, akapewa jina la mtakatifu wa Ulaya, na jina alilopewa na mama yake likafutika. Alilima, alijenga, alijifunza useremala na uhunzi. Minazi ya misheni haikujiotea. Alipobaleghe alioweshwa msichana wa nyumba ya pili, wakapewa kibanda kijijini chini ya macho ya padri, na sheria za kijiji zilikuwa za padri. Kisha kuanzia mwaka 1877, ilipofunguliwa misheni ya Mhonda, vijana hao na wake zao walichukuliwa bara kuwa mbegu ya vijiji vipya vya Kikristo. Wako waliotoroka. Mtu hatoroki peponi. Mapadri waliwaita watoto wao, na naamini wako waliowapenda kweli; lakini mtoto aliyenunuliwa kwa kusudi fulani anajua kuwa amenunuliwa kwa kusudi fulani.

Tena wakamfanya mtoto kuwa bidhaa ya pili. Mwaka 1870 kilichapishwa Paris kitabu cha padri Gaume kuhusu msichana wa Kiyao aitwaye Suéma, ambaye mama yake alifia njiani katika msafara, naye alipofika Unguja akiwa taabani akafungwa kwenye jamvi akazikwa angali hai, kisha akasikiwa akiugua, akafukuliwa na kupelekwa kwa masista. Kisa chenyewe kinaumiza moyo, na aliyemzika hakuwa padri. Lakini kilitengenezwa kwa ajili ya wasichana wa Kikristo wa Ulaya na Marekani, wasome, walie, watoe. Msiba wa mtoto ukawa chambo cha fedha. Lishike hilo, ewe msomaji, maana nitalirudia karibuni, na sitalirudia kwa kuwasema mapadri.

Waanglikana nao walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1864 walipofika Unguja, Sultani mwenyewe aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa, na hao ndio wakawa mwanzo wa shule yao ya Kiungani. Baadaye wakaweka Mbweni kwa wasichana. Huko Mombasa ikaja Freretown mwaka 1875. Nchi ilikuwa ya Kiislamu kwa mamia ya miaka, mtawala Muislamu, kadhi Muislamu, matajiri Waislamu, na mtoto asiye na mtu akawa hana mlango wa kubisha ila wa kanisa. Twalalamika kuwa walibatizwa! Sisi tuliwapa chaguo gani jingine?

Au tuseme chaguo lilikuwako, lakini halikuwa kwa jina la nyumba ya yatima. Bagamoyo hiyo hiyo, siku hizo hizo ambazo mapadri walikuwa wakijenga, aliletwa mtoto mwengine kutoka Kongo ya mashariki, Mmanyema, mtumwa. Hakununuliwa na misheni. Aliingia katika nyumba ya Mwarabu mmoja mwenye mali. Mtoto huyo alisoma, akatafuta elimu mpaka akaipata, akawa khalifa wa Kadiria, akafungua chuo ambacho wanafunzi walikifuata kutoka mbali, na mwaka 1916 akafanywa liwali wa mji ambao aliuingia akiwa mali ya mtu. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Jina la Abdallah alilolichukua kuwa la baba, kila mtu anajua lilikuwa jina la nani: la mtu ambaye baba yake hajulikani kwa watu wa mji.

Wako wanaopenda kukitumia kisa hiki kuonyesha kuwa utumwa wetu ulikuwa wa huruma. Mimi sikitumii hivyo. Sheikh Ramiya alipanda kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu na kwa juhudi yake, na kwa kila mmoja aliyepanda kuna mamia waliokufa mashambani bila ya kujua kusoma Fatiha, kwani mabwana wao hawakujali kuwafundisha. Nakitaja kwa sababu nyengine. Kinaonyesha kuwa elimu ilipofunguliwa mlango, mtoto wa mbali kabisa aliweza kuwa sheikh wa wenyeji, akawasalisha, akawaozesha, akawazika. Darsa lilimpa ukoo. Na huko Lamu, mwishoni mwa karne ile ya 19, Habib Saleh alipoanza kuwafundisha watoto wa watumwa na wa watu wanyonge, wenye mji walichukia. Elimu, walisema, si ya hao. Naye hakuwasikiliza, na Riyadha ikasimama, na leo wajukuu wa waliochukia huenda huko kwenye maulidi wakajisukuma kupata mahali pa mbele.

Sasa tuje kwetu leo, kwani sikuandika haya ili nichimbue makaburi.

Katika miji yetu ya pwani, kutoka Lamu hata Mtwara, nyumba za yatima za Kiislamu zimezidi. Alhamdulillahi. Ziko ambazo wasimamizi wake hulala na njaa ili watoto wale, nami nawajua, na maneno yangu si juu yao. Lakini imezuka namna nyengine. Mtu hujenga nyumba, akaweka kibao kikubwa chenye jina la mfadhili wa Ghuba au wa Uingereza, kisha ndipo aende kutafuta yatima wa kuijaza! Akifika mjumbe wa mfadhili, watoto hupangwa safu mbili kwa kanzu mpya, wadogo mbele, wakasomeshwa kasida, wakapigwa picha, na picha zikapelekwa kwa simu duniani kote na jina la mtoto na jina la kijiji chake na khabari ya jinsi baba yake alivyokufa. Katika nyumba mojawapo niliyoalikwa, kanzu zilirudishwa sandukuni kabla hatujamaliza chai. Nambie tafauti ya picha hizi na kitabu cha Suéma. Yule walau alikuwa amekwisha kufukuliwa.

Na swali la kwanza ambalo mfadhili haulizi ni hili: mama yake yuko wapi?

Yatima katika sheria ni mtoto asiyebaleghe aliyefiwa na baba. Kwa hivyo yatima wengi wana mama, tena wa karibu. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilitoa ripoti iliyosema kuwa watoto wasiopungua wanne katika kila watano wanaoishi katika nyumba za malezi duniani wana mzazi aliye hai. Mama huyu hakumchukia mwanawe. Alimtoa kwa sababu hana kodi ya nyumba, au hana karo, au ameolewa na mume asiyemtaka mtoto wa mwenziwe. Na sheria yetu imempa mama haki ya hadhana, kumlea mwanawe mpaka afikilie umri wa kupambanua, na kwa Mashafi baada ya hapo mtoto mwenyewe ndiye huchagua kati ya walezi wake. Sisi tunamtoa mtoto wa miaka minne katika haki yake hiyo, tunamweka katika ukumbi wa vitanda thalathini, tunamlisha kwa fedha ambazo lau nusu yake ingalipewa mama, mtoto asingaliondoka kitandani pake. Kisha tunaita jambo hili kafala! Mtume (s.a.w.) alipoonyesha vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuwa ndivyo atakavyokuwa karibu na anayemlea yatima Peponi, maswahaba hawakufahamu kuwa anazungumzia jengo. Yeye mwenyewe alikuwa yatima, akanyonyeshwa na Halima, akakaa kwa mama yake, kisha kwa babu yake, kisha kwa ami yake aliyekuwa na watoto wengi na mali kidogo. Hakuna jengo katika sira hiyo.

Ajabu ni kuwa wengine wamekwisha kutuona kabla hatujajiona. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, umeitaja kafala ya sheria ya Kiislamu kwa jina lake, kuwa ni njia mojawapo ya kumlea mtoto aliyekosa wazazi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 nayo imeitambua. Mtoto huingia nyumbani kwa mtu, akala wanachokula, akavaa wanachovaa, na akabaki na jina la baba yake kama ilivyoamrishwa katika Suratul Ahzab, na mali yake ikahifadhiwa mpaka siku ya rushdi. Mlango uko wazi kwa fikihi na kwa serikali. Tunaupita tukaenda kununua saruji.

Watasema: “Na wale wasio na mama, wala bibi, wala khalati, wala mtu yeyote? Na mtoto aliyetupwa jaani?” Hao wapo, na kwa hao nyumba inahitajika, na anayeiendesha vyema ana ujira mkubwa. Lakini hao ni wachache, na nyumba yao ni njia ya kupitia wakati watu wao wanatafutwa, au wakati anatafutwa mtu wa kuwachukua. Watasema pia: “Mama akipewa fedha atazila.” Wako watakaozila. Na wasimamizi wa nyumba, wao hawazili? Aya ya Suratun Nisaa juu ya wanaokula mali ya yatima haikuteremka kwa ajili ya kina mama wajane. Iliteremka kwa ajili ya wasimamizi. Mjane mmoja akila, ameliwa mtoto mmoja.

Kwa hivyo, wewe uliyeombwa mchango kwa ajili ya kituo, usiulize kwanza kina vitanda vingapi. Omba daftari. Tazama kama jina la mama wa kila mtoto limeandikwa, na anakaa wapi, na mara ya mwisho kuonana na mwanawe ilikuwa lini. Uliza watoto wangapi walikwenda kwao Idi iliyopita na wangapi walibaki kwa sababu nauli haikupatikana, ijapokuwa fedha ya jenereta ilipatikana. Uliza mwaka uliopita wangapi walirudishwa kwa jamaa zao moja kwa moja. Ukiambiwa hakuna hata mmoja, na kuwa kituo kinaomba fedha za kuongeza ghorofa, basi mfuate mmoja katika wale mama wajane waliomo daftarini, mpe yeye mchango wako mkononi mwake, na umuulize anataka mwanawe arudi lini.